Vipande Viwili vya Kushoto

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Wapo watakaosema kosa lilikuwa la hospitali, kuweka benchi la kusubiria mahali ambapo mtu anasikia kila neno linalosemwa kwenye chumba cha vipimo. Kompyuta mwenyewe aliulaumu ule ukuta mwembamba kwa siku kadhaa. Lakini ukuta haukumtuma mtu afaulu mtihani ambao faida yake yote ilikuwa katika kuufeli.

Kompyuta ndilo jina alilopewa na mtaa. Jina la kwenye kitambulisho lipo, ila hata mkewe hulitumia tu akikasirika. Alikuwa fundi wa kukata nguo. Yeye na mkewe walikuwa na chumba kimoja kirefu cha kushonea, chenye mlango wa kioo mbele na meza ya kukatia nyuma, na katikati yake cherehani na majora ya vitambaa yaliyopangwa kwenye rafu hadi karibu na dari. Mkewe alipima wateja kule mbele, penye kioo cha kujitazamia. Yeye alisimama mezani na chaki yake. Vipimo vilisafiri hewani kutoka kwa mke kwenda kwa mume, na havikuandikwa popote.

Wala havikuwa namba. Nani anapenda kiuno chake kitangazwe mbele ya watu waliokuja kuchukua mapazia? Zamani walikuwa wakitaja namba kama mafundi wengine, mpaka siku moja mama mmoja alipoondoka na futi ya kupimia ikiwa bado inamning'inia kiunoni, kwa hasira. Tangu hapo wakatumia watu. Mteja wa zamani mwenye mabega mapana alikuwa akifanya kazi posta, basi bega la ukubwa ule likaitwa bega la Posta. Aliyekuwa na mikono mirefu alidaka mpira ujanani, ukawa mkono wa Kipa. Kulikuwa na kifua cha Nesi, shingo ya Kinyozi, na tumbo la Hakimu, ambalo lilikuwa na ngazi mbili, kabla ya kustaafu na baada.

"Bega la Posta," mkewe angetamka huku anazungusha futi. "Mkono wa Nesi. Tumbo la Hakimu, kabla."

Mteja angesimama pale mbele ya kioo akidhani mafundi wanawasengenya watu wengine, akatabasamu. Na Kompyuta angeyapokea yote bila kuinua uso, akamtengeneza mtu mpya kichwani mwake kwa bega la huyu na kiuno cha yule, kisha akachora moja kwa moja juu ya kitambaa. Mkasi ukaingia. Koti likatoka likamkaa mtu utadhani alizaliwa nalo. Hiyo ndiyo kompyuta yenyewe. Na mdomo wake haukupumzika wakati huo wote, maana alikuwa mtu wa mizaha, aliyeikuta dunia ngumu akaamua kuitania kabla haijamtania yeye.

Halafu jora likamwangukia.

Lilikuwa jora la kitambaa kizito cha makochi, lililoviringishwa kwenye ubao. Alikuwa akivuta lililo chini yake huku anamsimulia mteja kichekesho, na lile la juu halikupenda kuvurugwa. Likamshukia utosini. Akakaa chini, akashika kichwa, akasema, "Kizito kweli, lakini rangi nzuri." Watu wakacheka. Hospitali wakamwambia fuvu ni zima, ila ubongo umetikisika, apumzike, utatulia wenyewe.

Bongo za wengi hutulia. Wake ukatulia nusu. Maumivu yaliondoka, kizunguzungu kikapungua, lakini miezi ikapita na jambo moja likakataa kurudi.

"Bosi, umesema bega la nani?" Bosi ndivyo alivyomwita mkewe.

"La Posta."

"La Posta. Na kiuno?"

"Nimekitaja kabla ya bega."

Kati ya kioo na meza maneno yalikuwa yakidondoka. Aliyasikia vizuri, aliyaelewa, na alipoinamisha chaki yalikuwa hayapo, kama mtu aliyetia maji kiganjani akafika mlangoni mikono mitupu. Redio ikiwa imewashwa ndiyo kabisa. Mtaa nao haukumhurumia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumhurumia mtu. "Kompyuta imeingia virusi," wakasema, na yeye akacheka nao, akaenda kusimama nyuma ya rafu mpaka uso wake utulie.

Mbaya zaidi ilikuwa vichekesho. Alikuwa na kimoja alichokipenda, cha mteja aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno kwa sababu yeye mwenyewe anakusudia kupungua. Siku moja alikianza mbele ya watu watatu. Mteja akaleta suruali, ikapunguzwa, mwezi ukapita, mteja akarudi amefura, akasema fundi umeniharibia suruali. "Nikamwambia," akasema Kompyuta, akanyamaza. Wakasubiri. "Nikamwambia..." Wakacheka kwa adabu, mmoja akamgonga bega. Mkewe alikuwa kwenye cherehani na hakuinua kichwa, lakini mashine ilikuwa imesimama.

Jioni ile mkewe aliuchukua mkasi mkubwa wa kukatia, akaufunga kwenye kitambaa, akauweka ndani ya droo ya cherehani na kuifunga. "Mpaka upone," akasema. Kompyuta hakubisha. Kazi za kukata zikawa zinapelekwa kwa fundi wa mtaa wa pili, na Kompyuta akakabidhiwa pasi na vifungo. Mwanamume aliyekuwa akikata makoti kwa kusikia tu, sasa alishona vifungo na kuuliza kila baada ya kimoja ni rangi gani.

Ndipo mkewe aliposikia kwamba katika hospitali kubwa kuna daktari anayetumia mashine ya sumaku kwa watu wa namna hii.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. "Hatupasui, hatuchomi sindano," aliwaeleza. "Kifaa kinawekwa juu ya kichwa, kinatoa mapigo ya sumaku. Mapigo hayo yanapita kwenye mfupa na kuamsha sehemu ya ubongo inayoshikilia mambo kwa muda mfupi. Ile inayobeba namba ya simu kutoka sikioni hadi kidoleni. Bado tunaichunguza njia hii. Wapo inaowasaidia, wapo isiyowasaidia. Siwezi kukuahidi, mzee wangu."

"Daktari, sisi mafundi tunaahidi kila siku na nguo haziishi," Kompyuta akasema. "Wewe usiyeahidi nakuamini."

Daktari akacheka. "Basi kwanza ufanye vipimo, tuone tatizo liko wapi. Subiri pale kwenye benchi utaitwa."

Mkewe akaenda kutafuta maji ya kunywa. Kwenye benchi alikuwepo dereva wa lori, mtu mzima, naye aliwahi kugonga kichwa. Kompyuta akamuuliza humo ndani wanafanya nini.

"Wanakupima akili," dereva akajibu kwa unyonge. "Mimi hospitali niliyotoka nilifeli, wakaandika nisishike usukani. Wewe kazi yako nini?"

"Nashika mkasi."

"Eh. Basi jikaze."

Dereva akaitwa. Mlango ukafungwa, na ukuta ukaanza kuongea. Dada wa vipimo alisoma orodha ya maneno kwa sauti iliyonyooka: ndoo, jirani, kengele, limau, daraja, shuka, jogoo, kiatu. Dereva akarudisha matatu. Dada akasoma tena. Dereva akarudisha manne, moja likiwa si la orodha. Dada akasoma tena, na tena.

Hapo ndipo ujinga ulipoanza. Kompyuta hakukusudia kusikiliza, lakini neno "jikaze" lilikuwa limemkaa kooni. Aliona droo ya cherehani. Aliiona ikifungwa moja kwa moja, safari hii kwa muhuri wa hospitali. Na tangu lini mtu akaingia kwenye mtihani ili afeli? Kwa kuwa orodha ilirudiwarudiwa, alipata muda wa kufanya kile alichokijua maisha yake yote, akaishona nguo. Ndoo akaifanya kofia. Jirani akamvalisha koti, kengele zikawa vifungo, limau likaingia mfuko wa kulia, daraja likawa mkanda, shuka likawa bitana, jogoo akakaa begani, na kiatu kikawa kiatu, kwa sababu alikuwa amechoka kufikiri.

Alipoitwa, alimtazama dada wa vipimo kama mtu anayemwona jirani huyo amesimama nyuma yake, akasoma kutoka kofia hadi kiatu. Dada akaandika. Zikaja namba, azirudishe kinyumenyume. Namba mbilimbili akazigeuza vipimo, vipimo akavigeuza watu, watu akawapanga foleni, kisha akaanza kuwaita kutoka nyuma. Hakimu, Nesi, Kipa. Wale walikuwa wameketi kichwani mwake tangu ujana, jora halikuwafikia.

Daktari aliyatazama majibu kwa muda mrefu. "Mzee wangu, umefanya vizuri kuliko watu wengi ambao hawajaumia," akasema. "Ni habari njema kwako. Mashine tunawapa wale ambao vipimo vinaonyesha tatizo. Kwako sioni."

"Daktari," mkewe akasema, "nyumbani anaweka mswaki kwenye friji."

"Friji ni pahali pasafi," Kompyuta akajibu, na chumba kikacheka, isipokuwa mtu mmoja.

Njiani alipiga mluzi. "Bosi, mbona kimya? Mumeo amefaulu."

"Nasikia."

"Basi nifungulie droo."

Mkewe angefanyaje? Karatasi ya hospitali ilisema mtu mzima. Akaifungua.

Kesho yake asubuhi kitambaa cha kwanza mezani kilikuwa cha Mwalimu Mkuu. Huyu alikuwa mama wa makamo anayeongoza shule ya jirani, anayetembea kama mtu anayekwenda kumfumania mwanafunzi. Alikuwa amehamishiwa shule kubwa zaidi kuanzia muhula ujao, na alitaka koti la kuingia nalo siku ya kwanza. Kitambaa alikinunua mwenyewe, kijani iliyokolea, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, kinachotosha koti moja na si zaidi. Kwa kuwa upana wake ulikuwa mdogo, hakikuweza kukunjwa na kukatwa pande mbili kwa mpigo. Kila kipande kilikuwa kikatwe peke yake.

Mtu yeyote aliyewahi kushika mkasi anajua inavyofanyika. Unakata kipande cha mbele cha kushoto. Hicho hicho ndicho kipimo cha kipande cha kulia. Unakilaza juu ya kitambaa, lakini unakigeuza kifudifudi, ili upande wa kushoto uzae wa kulia. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza huambiwa hilo mpaka achoke.

Kompyuta alikata cha kushoto, kikatoka safi. Akasikia pikipiki ikinguruma nje, akainua kichwa. Akarudi mezani. Akakilaza kipande juu ya kitambaa, kikiwa kimelala vilevile kilivyokuwa, uso juu. Akakata.

Mkewe ndiye aliyegundua. Alivichukua viwili ili aviunge na kipande cha mgongo, akavilaza kimoja pembeni ya kingine. Havikutazamana. Vilitazama upande mmoja, kama watu wawili kwenye foleni. Akakigeuza kimoja, ukatokea upande uliofifia. Akakirudisha. Akabaki amevishika.

Kompyuta alikuja akasimama pembeni yake, akaona. "Labda ana mabega mawili ya kushoto," akasema. Kisha akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu jora limwangukie hakujaribu kucheka. Akamwambia mkewe habari za ukuta, na jirani aliyevaa ndoo, na Hakimu kwenye foleni.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. "Uliogopa nini?"

"Wasinichukulie mkasi."

"Na sasa ukiwa nao umefanya nini?"

Kompyuta akavitazama vile vipande.

"Mimi ile karatasi ya kufaulu siitaki," mkewe akasema, na sauti ilikuwa chini. "Ibandike ukutani ukipenda. Mimi namtaka yule mtu aliyekuwa anamaliza vichekesho vyake. Nimekaa naye miaka yote hii, hata vile vibaya nilivizoea. Sasa unavianza, na mimi nashika pumzi huku, naomba Mungu ufike. Unadhani siumii?"

"Nitarudi kule niseme nini? Kwamba niliiba majibu? Mtu mzima na mvi zangu?"

"Huhitaji kusema. Nitavaa viatu, nitabeba hivi vipande, na wewe utabeba mvi zako."

Kabla ya kwenda hospitali Kompyuta alipita kwa Mwalimu Mkuu peke yake, akamweleza yote bila kupunguza, ukuta na orodha na vipande viwili vya kushoto, na kwamba kitambaa kama kile kitatafutwa mpaka kipatikane. Hakusema Mwalimu Mkuu alijibu nini. Alisema tu kwamba alimkaribisha kiti.

Kwa daktari mkewe aliweka vile vipande juu ya meza, juu ya karatasi za watu. Daktari akavitazama asielewe. "Simama kidogo, mwanangu," mkewe akamwambia, na daktari akasimama kabla hajajua kwa nini. Kipande cha kwanza kikamkaa bega la kushoto. Cha pili mkewe akakiegemeza upande wa kulia, na mkato wake wa shingo ukaingia kwapani.

"Hivyo ndivyo alivyo mzima," mkewe akasema.

Kompyuta akaeleza mwenyewe yaliyobaki, akitazama sakafu. Daktari hakumkaripia. "Kwa nini hukuniambia unaogopa?" akauliza. "Hapa sinyang'anyi mtu kazi. Nikijua kinachokukwama ndipo ninapojua nikusaidie wapi. Mzee wangu, huenda hapa ndipo mahali pekee ambapo ukifeli unapewa nafasi." Kisha akafungua mlango, akaita watu wawili, wakalihamisha lile benchi hadi mwisho wa korido.

Alipimwa upya kwa orodha nyingine. Safari hii hakumvalisha mtu. Watu wake wa foleni aliwaacha nje. Dada akasoma maneno, akayaacha yaingie kama yalivyo, na ilipofika zamu yake akatafuta akakuta matatu, na la tatu hakulithibitisha. Namba zilidondoka zote isipokuwa ya mwisho. Kukaa pale na mikono mitupu mbele ya dada mwenye kalamu kulikuwa kugumu kuliko kichapo. Dada akamsogezea kikombe cha maji, akamwambia, "Umefanya vizuri, baba," na hakuwa anamdanganya.

Daktari akamuuliza maswali mengi kabla ya kumkalisha kwenye kiti cha mashine. Amewahi kuanguka kifafa? Ana kifaa chochote moyoni? Ana chuma kichwani?

"Kichwani hapana."

"Na hii ni nini?" Daktari akanyooshea kidole kola ya Kompyuta. Kulikuwa na pini zimepangwa kama askari, na nyingine kwenye mfuko, na sindano yenye uzi mweupe kwenye kofia. Mkewe akazichomoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, na kila alipodhani zimekwisha ikatokea nyingine.

"Mngemwasha na hizo, mngeshona dari," Kompyuta akasema.

Kifaa kilikuwa kama miwani mikubwa isiyo na vioo, iliyofungwa kwenye mkono wa chuma. Daktari alikiweka juu ya kichwa chake akakisogeza taratibu, akitafuta kwanza mahali panapoongoza mkono, ili ajue nguvu ya kutumia. Tak. Hakuna kitu. Akasogeza. Tak. Na kidole gumba cha mkono wa kulia wa Kompyuta kikaruka peke yake.

Akakitazama. Tak, kikaruka tena.

"Bosi," akaita, "njoo uone. Kuna mtu mwingine anashika mkasi."

Walipopata nguvu inayofaa, wakahamisha kifaa mbele zaidi, upande wa kushoto, na mapigo yakaja kwa mafungu, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, ananyamaza kusikiliza, kisha anagonga tena. Hayakumuuma, yalimkera tu, na jicho lilikuwa likikonyeza lenyewe. "Daktari, usinielewe vibaya," akasema, "si mimi ninayekukonyeza." Baada ya hapo alifanyishwa mazoezi ya kushika mambo machache, akayaongeza kidogo kidogo. Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, wiki baada ya wiki. Siku nyingine alitoka na kichwa kizito, akalala mchana. Siku nyingi hakuona tofauti yoyote, na hakulificha hilo tena. "Leo bure," alimwambia daktari, na daktari akaandika.

Ilikuja bila taarifa. Walikuwa wanatembea kurudi nyumbani, barabarani magari yanapiga honi, mkewe amebeba mfuko wa nyanya, na Kompyuta akaanza, kwa mazoea tu, habari ya yule mteja aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno kwa sababu yeye mwenyewe anakusudia kupungua. Mkewe akashika pumzi kama kawaida yake. Suruali ikapunguzwa. Mwezi ukapita. Mteja akarudi amefura, akasema fundi umeniharibia suruali. "Nikamwambia," akasema Kompyuta, na gari likapiga honi, "nikamwambia, ndugu yangu, suruali imetimiza ahadi yake. Bado wewe."

Akapiga hatua mbili tatu kabla hajaona kwamba yuko peke yake. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya njia na nyanya zake, watu wakimpita huku na huku.

"Si kizuri hivyo," Kompyuta akasema.

"Najua," mkewe akajibu, akijipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Hakijawahi kuwa kizuri."

Kipimo cha mwisho hakikuwa cha ushindi mtupu. Daktari akawaambia wazi kwamba amepanda, tena vizuri, ila bado mambo yakiwa mengi kwa pamoja, au penye kelele, baadhi yatadondoka. Wala hakutaka kuapa kwamba ni mashine peke yake. Huenda ni mazoezi, huenda ni muda, huenda ni vyote. "Rudi mezani," akasema. "Lakini usibebe kila kitu kichwani. Tumia unachoweza kutumia."

Mkewe alielewa maneno hayo kwa namna yake. Akanunua ubao mweusi, akautundika ukutani karibu na kioo, mahali ambapo mtu aliye mezani anauona vizuri. Kompyuta akautazama kama mtu aliyeletewa mke mwenza.

Na mteja wa kwanza, kwa kuwa kitambaa cha kijani kilikuwa kimepatikana, alikuwa Mwalimu Mkuu.

Alisimama mbele ya kioo, mikono ameinua. Mkewe akazungusha futi, na kila alipopima aliandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa zenye kueleweka. Mezani mkasi mkubwa ulikuwa umelala juu ya kitambaa chake, droo ikiwa wazi. Kompyuta aliutazama mkasi, akautazama ubao.

"Bosi, mimi sijawahi kusoma koti," akasema. "Niite kama zamani."

"Nitakuita na nitaandika."

"Mtaa utasema nimekwisha."

"Mtaa ulisema hivyo ulipokuwa hujakwisha. Umezoea."

"Bega la Posta," Mwalimu Mkuu akasema ghafla. Alikuwa anausoma ubao kupitia kioo, kinyumenyume, bila shida yoyote. "Mkono wa Nesi. Shingo ya Kinyozi. Tumbo la Hakimu, baada ya kustaafu." Mikono yake ikashuka kidogo. "Huyu Hakimu ni nani?"

Hata cherehani ikaonekana kutaka kutoka nje.

"Ni mteja wetu wa zamani, Mwalimu," mkewe akasema. "Mtu anayeheshimika sana."

"Tumbo lake pia?"

"Umeona, Bosi?" Kompyuta akadaka, maana alikuwa amepata pa kusimamia. "Ndiyo sababu hatuandiki. Kichwani hakuna mteja anayeweza kusoma."

"Kichwani mwako hata wewe ulishindwa kusoma," mkewe akamjibu.

"Hebu Mwalimu atuamue. Yeye ni mtu wa mitihani." Kompyuta akaweka chaki chini, akamgeukia kwa heshima zote. "Mwalimu, niambie ukweli. Fundi anayesoma vipimo ubaoni ana tofauti gani na mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani na majibu mfukoni? Si wote wanaibia?"

Mwalimu Mkuu akageuka taratibu, futi ikiwa bado begani, akamtazama kwa yale macho yanayojua nani amerusha karatasi kule nyuma.

"Sijawahi kumwadhibu mtoto kwa kusoma alichoandikiwa ubaoni," akasema. "Ninayemtoa nje ni yule anayesikiliza majibu ya jirani kupitia ukutani. Soma ubao, Fundi. Safari hii nimekuja na bega la kulia pia."